Boti ya Mokowe na basi la Mombasa: kisa cha usafiri wa kuitana

Ukishuka basi Mokowe saa nane za mchana, safari ya Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, bado hujaimaliza. Umeondoka Mombasa asubuhi na mapema, umepita Malindi, Garsen, Witu na Hindi, kilomita zipatazo 340, umeteremshwa kwenye vizuizi vya barabarani ukaonyesha kitambulisho, na sasa mbele yako kuna gati na maji. Boti ipo. Ndani yake wamekaa watu wanne na mtungi wa gesi. Nahodha yuko kivulini. Ukimwuliza mnaondoka saa ngapi, atakwambia, "Ikijaa." Ukimwuliza itajaa saa ngapi, atakutazama tu, na ana haki, maana hajui.

Kisa hiki ni cha wenye boti sita wa njia hiyo ya Mokowe na Amu waliotaka kulijibu swali hilo la pili. Hawakuwa na mfadhili, wala mtu wa kuwatengenezea programu. Walikuwa na simu zao, mashine zao na madeni yao ya petroli. Mimi niliitwa kwa sababu mmoja wao ni jamaa yangu, na aliwahi kunisikia barazani nikijigamba kwamba nafahamu mambo ya ramani za simu. Kujigamba kuna gharama yake.

Tuuelewe kwanza utaratibu wa zamani, kwa sababu wageni huuona ni fujo, nao si fujo hata kidogo. Boti hupanga foleni. Ya kwanza kufika ndiyo ya kwanza kupakia; ikijaa inaondoka, inayofuata inasogea. Hakuna bosi wala ratiba, lakini kila nahodha ana yakini ya mambo mawili: zamu yake itafika, na akiondoka gatini mafuta ya safari yameshalipwa. Anayeilipia yakini hiyo ni abiria, kwa saa zake. Asubuhi hakuna anayelalamika. Tangu ofisi nyingi za kaunti zihamie Mokowe kuna mkururo wa wafanyakazi wanaovuka pamoja, na boti hujaa kabla mtu hajamaliza kahawa. Jioni ni vivyo hivyo kwa upande wa pili. Penye shida ni katikati, baina ya saa tano na saa kumi, abiria wanapokuja mmoja mmoja, halafu basi likatokea na kushusha watu kwa mkupuo ambao hakuna aliyeutarajia.

Wazo la kwanza lilikuwa lile linalomjia kila mtu: abiria aione boti kwenye ramani, aiite. Nairobi watu huita teksi kwa simu, kwa nini Amu wasiite boti? Tukaanza na kilichokuwepo. WhatsApp ina uwezo wa kuonyesha mahali mtu alipo moja kwa moja tangu mwaka 2017. Manahodha sita wakaingia kwenye kikundi kimoja na abiria wao wa kila siku, na asubuhi nahodha akibonyeza, boti yake inaonekana ikitambaa kama sisimizi kwenye maji ya buluu. Wiki ya kwanza watu walifurahi. Walikuwa wakitazama hata wasiosafiri.

Wiki ya pili lalamiko likaanza: mchana boti hazionekani. Nikadhani ni mtandao, labda unakatika kwenye mikoko. Nikapanda na simu mbili mkononi, nikavuka mara nne, jua likanibabua, nikarudi sina jibu. Jibu lilikuwa kwenye kitufe. WhatsApp hukupa chaguo tatu tu: dakika 15, saa 1 au saa 8. Nahodha anayewasha saa kumi na mbili kasorobo ili awavushe watu wa mabasi ya asubuhi, saa zake nane zinakwisha saa nane kasorobo mchana. Yaani boti zilikuwa zikifutika kwenye ramani wakati uleule basi la Mombasa linapokaribia. Chombo kile kimetengenezewa marafiki wanaotafutana mjini, na sisi tulimpa mtu anayefanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi. Tukawaambia wawashe tena adhuhuri. Lakini adhuhuri nahodha ana mkono mmoja kwenye mashine na mwingine unapokea gunia la vitunguu, na simu imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Akikumbuka ni bahati.

Baadaye boti mbili zenye betri zilifungwa vile vidude vya kufuatilia magari, vyenye laini ya simu ndani yake. Hivyo havisahau. Ila navyo vimeundwa kwa ajili ya gari. Chumvi iliingia kwenye viungio vya nyaya, na kusi haijesha kimoja kilikuwa kikituonyesha kwamba boti imetia nanga mahali pamoja kwa siku tatu, ilhali tumo ndani yake tunavuka.

Kikundi chenyewe kilikufa kwa sababu ya aibu. Kwenye kikundi cha WhatsApp kila mwanachama anaona namba za wenzake. Haukupita mwezi, dada wawili walimu wakaanza kupigiwa simu usiku na watu wasiowajua, na mmoja alikuja kunieleza kwa upole ulioniuma kuliko kama angenitukana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Hatukuwa tumeifikiria hata dakika moja. Tukakifunga jioni ileile.

Lililokaribia kuuvunja mpango mzima, lakini, lilikuwa zamu. Abiria akiwa na simu haiti boti. Humwita mtu anayemjua. Humwita fulani, mwenye mashine nzuri, au mtoto wa jirani yake. Huyo fulani yuko wa nne kwenye foleni. Akiitwa, anatoka nyuma, anachukua watu sita, anakwenda zake, na yule wa kwanza aliyekaa tangu saa sita anabaki na watu wanne na mtungi wao wa gesi. Siku ya tatu ya mtindo huo mzee mmoja, mkubwa wao kwa umri, aliniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "simu yako yanipokonya zamu yangu." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nimesoma maelezo mengi ya miradi ya usafiri wa kuitana, na mara nyingi dereva hutajwa kama kidoti kwenye ramani kinachokwenda kinakotumwa. Pale gatini dereva ana foleni aliyoirithi kwa waliomtangulia, na foleni hiyo ndiyo bima yake. Ukiiondoa huna budi kumpa nyingine. Waliafikiana wenyewe baada ya mkutano mmoja mrefu na birika tatu za chai: simu ya abiria inaita foleni, haiti boti. Inayokuja ni ile iliyo mbele. Anayemtaka fulani kwa jina lake amkodi, alipe bei ya kukodi. Kwa mtu wa mjini hilo laweza kuonekana ni kurudi nyuma, maana abiria amepoteza uhuru wa kuchagua. Mimi naona ndilo lililouokoa mpango.

Likabaki suala la mafuta, na hapa ndipo hesabu inapouma. Kusubiri hakuondolewi na simu. Kunahamishwa. Boti ikiondoka na watu wanane badala ya ishirini kwa sababu wameita, wale wanane hawakusubiri, lakini viti kumi na viwili vitupu vimevuka bahari kwa petroli ileile. Nani amelipa? Helsinki, mji mkuu wa Ufini, waliliona hili kabla yetu. Walikuwa na huduma ya mabasi madogo iitwayo Kutsuplus, iliyoanza mwaka 2012: mtu anaagiza safari, mashine inawakusanya wanaoelekea upande mmoja, basi linawapitia. Walioitumia waliipenda. Ilifungwa mwishoni mwa 2015, kwa kuwa ilikuwa na mabasi 15 tu, kila safari ilikuwa ikila ruzuku kubwa, na kuyaongeza mabasi hadi gharama ishuke kulihitaji fedha ambazo manispaa hazikuwa tayari kuzitoa. Kule palikuwa na mfuko wa umma wa kubeba kiti kitupu, na bado ulichoka. Mokowe kiti kitupu hubebwa na mtu mmoja, naye ana ada za shule.

Kwa hiyo katikati ya mwaka tulikuwa tumekwama. Abiria wakiita sana, nahodha anapata hasara. Nahodha akikataa kuondoka bila kujaza, kuitana hakuna maana.

Na bado sijataja maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya pwani hii hujaa takriban saa kumi na hupwa takriban saa nne, mchana na usiku, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika kama mita tatu. Kisha kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Maana yake ni kwamba ratiba yoyote ya saa, hata ikitungwa na malaika, inapishana na maji baada ya siku chache. Yakipwa sana nahodha huzunguka fungu la mchanga badala ya kukata moja kwa moja, na kwenye ngazi za gati mizigo hupandishwa kwa kupokezana, mikono juu, kwenye mawe yenye utelezi. Wa Pate wanajua zaidi: kwa miaka na miaka mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, ulikuwa haupitiki maji yakitoka, na msafiri wa Faza au Siyu aliuliza habari za maji kabla ya habari za boti.

Programu nyingi hukadiria muda kwa kupima umbali. Zinajua msongamano wa magari, hazijui bamvua. Hata GTFS, ule muundo wa data unaotumiwa duniani kuandikia ratiba za mabasi, ulipoongezewa mwaka 2024 sehemu ya usafiri wa kuitana, ulipewa mahali pa kuandika eneo na saa za kuagiza. Mahali pa kuandika mwezi hapana. Nilijaribu kulitatua hilo kwa jedwali la maji na fomula niliyoionea fahari. Siku moja abiria alimpigia nahodha akimlaumu kwamba kwa mujibu wa ujumbe wangu boti ilipaswa kufika dakika kumi zilizopita. Nahodha, bila kupandisha sauti, akamjibu kwa Kiamu chake, "Mayi hayapo, mwanangu. Wataka nipite ndia gani?" Fomula niliiweka kando. Muda wa kuvuka sasa anautaja nahodha mwenyewe, asubuhi mara moja na adhuhuri mara moja, na hukosea kwa nadra.

Kilichokigeuza kisa hiki hakikutoka kwangu wala kwa wenye boti. Pale Mokowe kuna mama anayeuza mahamri na viazi karibu na gati. Kondakta wa basi mojawapo ana mazoea ya kumpigia akiwa njiani, amwekee chakula. Mama akishakata simu husema kwa sauti, bila kukusudia lolote, "Hawa wako Hindi." Manahodha wanasikia, wanaanza kujiweka tayari. Jambo hilo lilikuwa likitendeka mbele ya macho yangu kila siku, nami nimeinamia simu yangu natafuta boti kwenye ramani.

Tazama jinsi umbali ulivyokaa. Kutoka Hindi hadi Mokowe basi hutumia kama dakika ishirini. Boti kutoka Amu hadi Mokowe, maji yakiwa mazuri, haiko mbali na muda huohuo. Basi likiwa Hindi, boti iliyoko gati ya Amu ikipata habari papo hapo, inaweza kuondoka na kufika Mokowe karibu pamoja na basi. Na ikijua basi lina abiria kumi na wanne wa kuvuka, nahodha hana tena sababu ya kung'ang'ania ijae Amu. Anaweza kuondoka na watu watano, maana viti vitupu vya kwenda vinalipwa na watu wa kurudi. Ile hesabu iliyotukwamisha ilikuwa hesabu ya safari ya upande mmoja. Safari ni kwenda na kurudi, na kilichokuwa hakijulikani ni upande wa pili.

Ndiyo maana naona tulianza kwa kuunganisha kitu kisichohitaji kuunganishwa. Abiria aliyesimama gatini anaiona boti kwa macho yake, hahitaji ramani. Aliyehitaji kuunganishwa na boti ni basi. Na basi hili haliwezi kutegemewa kwa ratiba: tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, njia ya Garsen hadi Lamu imepitia vipindi vya misafara ya polisi na ukaguzi mkali, na hata kwenye lami ya sasa saa ya kufika hutegemea vizuizi vimekuwaje siku hiyo. Ujumbe wa mtu aliye ndani ya basi unajua kuliko jedwali lolote.

Nilipowahi kusoma kuhusu Digital Matatus, ile kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani ambayo mwaka 2014 ilitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi kwa data iliyokusanywa kwa simu, niliichukua kama kielelezo. Lakini wao walikuwa na njia zisizochorwa. Sisi njia yetu ni moja na kila mtoto anaijua. Tulichokosa ni idadi ya watu, dakika ishirini kabla.

Ujumbe ukawa mfupi, wa SMS ya kawaida, ili hata mwenye kabambe, ile simu ndogo ya kawaida, aupokee: mahali basi lilipo, idadi ya wa Amu, mizigo. "Hindi. 11. Gunia 4." Kondakta huuliza ndani ya basi kwa sauti, "Wa Amu wangapi?" Mwanzoni idadi ilizidi, kwa sababu watu wa Mokowe wenyewe nao walinyoosha mkono, na wengine walikuwa na boti ya ndugu inayowangoja. Akajifunza kuuliza, "Wa kuvuka, wasio na boti?" Siku ambayo ni wengi hutuma tena mapema, akiwa Witu, ili boti mbili zijiandae na asiwepo wa kushawishika kupakia kupita kiasi. Jaketi za kujiokoa nazo huhesabiwa kabla, jambo ambalo zamani lilifanywa watu wakishakaa, au halikufanywa kabisa.

Ujumbe hauendi kwa manahodha wote. Unakwenda kwa mama wa mahamri, naye huipigia boti iliyo mbele ya foleni upande wa Amu. Niliwahi kupendekeza kazi hiyo ifanywe na mashine, na ingeweza. Ila mama anajua mambo ambayo sijui ningeyaandikaje kwenye mashine: kwamba nahodha fulani ana msiba, kwamba mashine ya yule haijatengemaa tangu jana, kwamba bibi aliyekaa pale pembeni hana simu wala nauli kamili ila ni wa kuvushwa. Hulipwa kidogo kwa kila boti. Huandika kwenye daftari la mistari, na daftari hilo limenifaa kuliko vidude viwili vya kufuatilia vikijumlishwa.

Kwa upande wa Amu kuna kuitana pia, kwa wanaotaka kuwahi basi la kuondoka. Mwanzoni mtu aliita, kisha akapanda boti nyingine iliyotangulia, na ile iliyomfuata ikabaki imemngoja bure. Sasa anayeita hutanguliza nusu ya nauli kwa M-Pesa. Walinung'unika siku mbili tatu. Asiye na M-Pesa hulipa taslimu kwa mtu wa gatini.

Yapo ambayo mpango haujayagusa. Wa Manda, kwenye uwanja wa ndege, tuliwaacha: ndege ina saa yake na hoteli zina boti zao. Mgonjwa naye hana zamu. Akihitaji kuvushwa kwenda hospitali ya King Fahd, hupigiwa yeyote aliye karibu, na sijasikia mtu akilinung'unikia hilo. Basi linalochelewa likaingia Mokowe baada ya magharibi bado ni shida, kwa kuwa boti nyingi zimeshafungwa, na nahodha anayetoka usiku anatoka kwa bei yake.

Halafu kuna udhaifu ambao niliuona nikaunyamazia: kila kitu kilisimama juu ya kondakta mmoja. Mwezi wa pili wa kaskazi kampuni yake ilimhamishia njia nyingine. Hakuaga, na hakujua kwamba anapaswa kuaga. Siku hiyo simu ya mama haikulia, basi likaingia Mokowe na watu kumi na saba, na gatini palikuwa na boti moja yenye watu wanne. Wiki nzima ikawa hivyo. Kondakta mpya aliombwa akakubali, lakini alikuwa akisahau, na hatukuwa na cha kumlipa.

Siku ya nane ujumbe ulifika kutoka namba ambayo mama haikuijua. Aliyeutuma alikuwa abiria, mwanafunzi wa chuo anayerudi nyumbani likizo, ambaye safari iliyopita alikuwa amekaa gatini saa moja na nusu na akaiomba namba kwa mama huku akila viazi. Mama alinionyesha simu yake, amecheka mpaka ametoa machozi. "Shikamoo bi. Tuko Hindi, wa kuvuka tisa, mbuzi mmoja. Niwekee na mimi mahamri manne."

Tangu hapo namba hiyo imebandikwa kwenye mbao ya gati, kwa rangi ya boti.